Kumfundisha Mtoto Kutazama Wanyama Akiwa Juu ya Mti Mzee

Mtoto anayetembea porini huona zaidi migongo ya wanyama: ndege wanaoruka kwenda zao, mkia wa kindi ukipotea nyuma ya shina, majani yanayotikisika baada ya kitu kupita. Mtoto aliyekaa mahali pamoja akatulia huziona nyuso zao. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumpa mtoto mti. Uwe mti mmoja, mzee, anaoupenda mwenyewe, ambao ataurudia tena na tena mpaka viumbe wa pale wamzoee.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi, maana kazi ya mwanzo ni yako: kuukagua mti, kuweka masharti, halafu kunyamaza. Kuona ni kazi ya mtoto. Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote, na nitalirudia.

Hatua ya 1: Mtoto achague, wewe ukague

Usimchagulie. Mpitishe kwenye eneo mlilonalo, iwe ni bustani, shamba, ukingo wa mto au msitu mdogo, umwache aguse, azunguke, ajaribu kukaa. Watoto huvutwa na mti wenye panda ya chini na gome la kushikika, na mara nyingi huo huwa miongoni mwa miti mizee ya pale. Akishaupenda, kazi yako inaanza.

Uzee wa mti una maana kubwa kwa shughuli hii. Mti mchanga una majani na kivuli, basi. Mti mzee una matundu, gome lililopasuka, matawi makavu, kuvu, na mimea mingine iliyoota juu yake, na kila kimoja kati ya hivyo ni makazi au chakula cha kiumbe fulani. Kigong'ota hupenda kutoboa mbao zilizoanza kulainika kwa kuoza. Akishahama, ndege wasioweza kutoboa hurithi shimo lake. Hondohondo walio wengi hutegemea tundu la asili. Jike huingia ndani, mlango ukazibwa kwa matope na kinyesi mpaka ukabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo wakati anapoatamia. Mtoto akijaliwa kumwona dume akitua na tunda mdomoni, na ncha ya mdomo wa jike ikichomoza ufani kulipokea, hutahitaji kumweleza tena kwa nini miti mizee isikatwe ovyo.

Lakini mti mzuri kwa wanyama si lazima uwe mzuri kwa kupandwa. Shina lenye uwazi ndani linaweza kuishi miaka mingi, kwa kuwa sehemu hai ya mti iko karibu na gome, si katikati. Hata hivyo uzito wa mtoto ni suala jingine. Zunguka mti mzima. Tafuta uyoga au kuvu ngumu shinani na kwenye mizizi, udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja, matawi yasiyo na jani wakati mengine yamejaa, na sehemu ambapo gome limebanduka likaacha mti mkavu. Kisha angalia panda. Matawi mawili yaliyoachana kwa upana hushika vizuri. Yaliyobanana kwa pembe nyembamba, gome likiwa limekunjamana katikati yao, hupasuka kirahisi. Tawi la kukalia liwe nene kama paja la mtu mzima, na kabla ya mtoto kulikalia, lining'inie wewe mwenyewe karibu na shina. Likilia, acha. Ukiona dalili zozote za kuoza, mti huo utazamwe kutoka chini, na bado utafaa sana.

Aina ya mti nayo ni ya kuangaliwa. Mkaratusi hauaminiki: unaweza kuangusha tawi kubwa hata siku isiyo na upepo. Mpapai si wa kupandwa kabisa. Mnyaa una utomvu unaoweza kudhuru macho vibaya, na mkorosho nao una utomvu unaowasha ngozi. Mwembe mkubwa, ukiwa na matawi yaliyoanzia chini, ni mnene wa mbao na wa majani, na humficha mtu vizuri. Mkuyu na miti mingine ya jamii yake ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Haizai yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo matunda huweza kupatikana hapo wakati miti mingine haina kitu, na yanapoiva huvuta ndege, popo, kima na kindi kwa pamoja. Ndani ya matunda hayo huingia nyigu wadogo mno, ambao huchavusha maua yaliyofichwa humo. Bila wao mti haupati mbegu. Ila utomvu wake mweupe huwasha baadhi ya watu, basi mtoto asivunje majani wala asijifute macho kwa mikono iliyoushika. Mbuyu ni wa kutazamwa kutoka chini. Maua yake hufunguka jioni na popo huyajia, lakini shina lake nene na laini halina pa kushika.

Mwisho wa ukaguzi, kaa chini ya mti kwa robo saa bila kufanya lolote ila kulitazama shina. Nyuki wakiingia na kutoka kwenye tundu, au kukiwa na kiota cha mavu, huo si mti wa kupanda. Tafuta pia maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota, na siafu kwenye mizizi. Upupu uliotambaa kwenye matawi na viwavi wenye manyoya huwasha vibaya. Na kuna sharti moja la kulitamka hapohapo, mtoto alirudie kwa mdomo wake: hatii mkono ndani ya tundu wala nyuma ya tawi mahali asipopaona. Nyoka wa mitini hupenda kutulia sehemu kama hizo.

Ikiwa eneo lenu hupitwa na tembo, nyati, simba au chui, au mti uko karibu na maji yenye viboko au mamba, mwongozo huu hautoshi. Nendeni na askari wa wanyamapori, au tafuteni mti kwingine.

Hatua ya 2: Kupanda kwa masharti

Sharti la kwanza linakuhusu wewe: usimpandishe. Usimbebe, usimsukume, usimwekee ngazi. Mtoto aliyelifikia tawi kwa nguvu zake kwa kawaida anajua njia ya kurudi. Aliyepakiwa haijui, na hofu humpata wakati wa kushuka. Mwache apande hadi tawi la kwanza na kushuka, mara kadhaa, mpaka miguu yake ijue pa kukanyaga. Kisha la pili. Mita moja na nusu hadi 2 kutoka ardhini zinatosha kabisa. Siku hizo za mwanzo hakuna kutazama wanyama, ni mazoezi ya kupanda tu, naye asiharakishwe.

Mfundishe kuwa na mishiko mitatu wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, iwe imekaa sawasawa kabla ya kuhamisha kiungo cha nne. Akanyage karibu na shina, ambako tawi ni nene. Apande peku au kwa raba zenye soli ya kushika, si kwa malapa. Shingoni pasiwe na kitu chochote, si kamba ya darubini, si mtandio, si mkufu, si kofia yenye uzi, kwa kuwa kitu hicho kikinasa tawini huku mguu ukiteleza kinaweza kumnyonga. Darubini na daftari umpe mkononi akishakaa. Ondoa mawe, visiki na vijiti vilivyochongoka chini ya mti.

Gome likiwa limelowa, hapandi. Upepo ukitikisa matawi makubwa, hapandi. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, anashuka papo hapo na mnaondoka kabisa chini ya mti, kwenda ndani ya nyumba au gari. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Ukiona mwanga wa radi na ngurumo ikafika kabla hujamaliza kuhesabu 30, radi hiyo iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kuwafikia. Rudini ikiwa imepita nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu mzima awepo wakati wote, mahali anapomwona mtoto na kumsikia akiita kwa sauti ya kawaida. Mtoto mdogo, au anayeogopa kimo, au asiyeweza kupanda kwa sababu yoyote ile, akae chini ameegemea shina. Hakosi kitu kikubwa. Shina lililo nyuma ya mgongo humfichia umbo, na baadhi ya mambo bora ya mti hutokea kwenye mizizi.

Hatua ya 3: Wakati na mavazi

Ndege wengi huchangamka zaidi kuanzia mapambazuko hadi saa mbili hivi baada ya jua kuchomoza, kisha tena kabla ya magharibi. Jua la mchana ni la mijusi, vipepeo na nyuki. Popo na komba huanza safari zao giza likiingia. Chagueni wakati mmoja mnaoweza kuurudia. Kwa mtoto wa miaka 6 au 7, nusu saa inatosha. Akitaka zaidi atasema mwenyewe.

Avae nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Wanyama wengi wanaonyonyesha hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, lakini ndege huona rangi nyingi kuliko sisi, hata miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni kabisa. Pamoja na hayo, mwendo humfichua mtu haraka kuliko rangi. Mafuta yenye manukato makali yaachwe siku hiyo, na mtoto akiweza achague upande wa mti ambako upepo unamjia usoni kutoka kule anakotazama, ili harufu yake isiwatangulie wanyama.

Hatua ya 4: Kutulia

Mtoto anapoufikia mti, habari zake zimeshatangulia. Ndege wa kwanza kumwona ametoa mlio wa hatari, wengine wameupokea, na wanyama wa chini wameinua vichwa. Kwa hiyo dakika 15 za mwanzo mti huonekana hauna kitu. Mweleze hivyo mapema ili asikate tamaa. Viumbe wapo, wamenyamaza kwa sababu yake, na asipofanya jambo jipya wataanza tena shughuli zao kidogokidogo: kwanza mdudu, kisha mlio mmoja wa ndege, kisha mlio wa pili karibu zaidi.

Kumwambia mtoto "tulia" hakumsaidii. Mpe kazi za kufanya.

Anza na mkao. Mgongo uwe kwenye shina na miguu ipate pa kukanyaga. Miguu inayoning'inia hufa ganzi, na mwenye ganzi hawezi kuacha kujitikisa. Kisha mfundishe kwamba macho hutangulia kichwa: kitu kikisogea pembeni, apeleke macho kwanza, kichwa kifuate polepole. Mbu akimuuma, asipige kofi. Apeleke mkono taratibu na kupakandamiza mahali hapo.

Halafu, na hili huwashangaza watoto, asiwatafute wanyama. Achague sehemu moja mbele yake, tuseme panda ya tawi, ayatulize macho hapo bila kukodoa na aache pembe za macho zifanye kazi, kwa kuwa hung'amua mwendo vizuri sana. Macho yanayohangaika huku na huku hukosa mengi. Masikio nayo yapewe jukumu: kila anaposikia sauti ya aina mpya akunje kidole kimoja. Kufikia kidole cha kumi, kipindi kile kigumu cha mwanzo mara nyingi huwa kimeshapita bila yeye kujua.

Lakini utulivu wa siku moja haufui dafu peke yake. Kinachovunja woga wa wanyama ni kurudi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipofika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1960, sokwe walimkimbia kwa miezi. Hakuwaandama. Alipanda siku baada ya siku kwenye kilele kimoja chenye mwonekano mpana, amevaa nguo za rangi zilezile zilizofifia, akakaa waziwazi bila kujifanya anajificha, mpaka wakaanza kumzoea. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameshamwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa, wakati ambapo kutengeneza zana kulihesabiwa kuwa jambo la binadamu peke yake. Na alikuwa na mti wake tangu utotoni, katika bustani ya nyumba ya bibi yake huko Bournemouth, Uingereza, ambao aliupanda na kukaa humo na vitabu vyake. Kwa mtoto wako kanuni ni hiyohiyo: mti uleule, saa ileile, shati lilelile ikiwezekana.

Na wewe mzazi? Kaa umbali wa hatua 20 hivi, ukiwa umetulia kama unavyomtaka yeye atulie, simu ikiwa kimya mfukoni. Usimwonyeshe kitu. Ukimwona ndege mzuri kabla yake, limeze neno lako, hata kama ndege huyo ataruka bila mtoto kumwona. Mtoto anayeonyeshwa kila kitu hujifunza kuutazama mkono wa mzazi. Anayeachwa hujifunza kuutazama mti.

Hatua ya 5: Cha kutazama

Watoto wengi hungoja mnyama mkubwa. Waanzie kwenye gome lililo karibu na goti lao. Sisimizi wanapanda na kushuka kwa mstari. Amfuate mmoja tu, tangu anapotokea mpaka anapopotea. Ataona kwamba wanaokutana ana kwa ana husimama, hugusana vipapasio, kisha hupishana. Huenda akaona tumbo la anayeshuka likiwa limejaa na kung'aa kuliko la anayepanda. Mstari ukielekea kwenye chipukizi laini, huenda akakuta vidukari wamejipanga wakifyonza utomvu, na sisimizi akimpapasa mmojawapo mpaka kitone kitamu kimtoke nyuma, naye akakinywa. Sisimizi hao huwafukuza wadudu wanaotaka kuwala vidukari wao. Yote hayo hutokea mahali pasipozidi upana wa kiganja.

Jambo la pili la kulizoea ni zogo. Ndege wadogo wa aina mbalimbali wakikusanyika tawi moja, wakirukaruka na kupiga kelele huku wote wanaelekea sehemu moja, wanamzomea adui: bundi aliyelala, nyoka, paka. Mtoto asiwatazame wanaozomea. Afuate midomo yao inakoelekea. Bundi aliyejibana kwenye shina ni vigumu kumtambua mpaka ageuze kichwa, naye hana budi kukigeuza, kwa kuwa macho yake hayawezi kuzunguka ndani ya fuvu; shingo yake humfikisha hadi nyuzi 270 hivi. Ila zogo hilo likiwa ndani ya mti aliokalia, karibu naye, ashuke taratibu kwanza, kwani huenda ni nyoka. Uchunguzi utafuata akiwa chini.

Chini ya mahali bundi anapolala hupatikana madonge makavu ya kijivu. Bundi humeza panya na ndege wadogo wakiwa wazima, na kwa kuwa hawezi kuyeyusha manyoya na mifupa, huvitapika. Vaeni glavu, lilowekeni donge katika maji na kulifumua kwa vijiti. Mafuvu ya panya hutoka na meno yake, na mtoto anaweza kuhesabu bundi amekula wangapi. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye.

Kwa ndege asiowajua, mtoto asianze na jina. Aanze na ukubwa, kwa kulinganisha na shomoro, njiwa na kunguru: ni mdogo kuliko yupi, mkubwa kuliko yupi? Kisha mdomo. Mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu. Mwembamba uliopinda, kama wa chozi, ni wa kunyonya maua. Wenye ncha ya ndoana ni wa kurarua nyama. Kisha mwendo wake, maana wapo wanaotembea kwa hatua na wapo wanaorukaruka kwa miguu yote miwili. Akishakuwa na mambo hayo matatu, jina litapatikana kitabuni au kwa mtu anayejua, na halitamtoka tena.

Kuhusu darubini: inayokuza mara 8 inatosha, na mtoto mdogo huona raha zaidi na inayokuza mara 6, kwa sababu darubini kubwa hutikisika mikononi. Mfundishe kumkazia ndege macho kwanza, halafu ainyanyue darubini hadi machoni bila kuacha kumtazama. Ila asitembee nayo matawini, na asiielekeze kwenye jua kamwe.

Hatua ya 6: Mipaka isiyovukwa

Ndege mwenye mdudu mdomoni anayehama tawi hadi tawi bila kutua popote anasema jambo moja: mtoto amekaa karibu mno na kiota chake, na makinda wana njaa. Ashuke mara moja. Mahali pa kukalia pahamishwe, au mti upumzishwe mpaka makinda waruke. Hapa sina huruma na hamu ya mtoto ya kuona mayai. Kila dakika anayobaki pale ni dakika ya makinda kukaa bila chakula au bila joto.

Kinda mwenye manyoya anayeonekana ametupwa chini mara nyingi hajatupwa. Anajifunza kuruka, na wazazi wake wanamlisha wakiwa karibu. Msimpeleke nyumbani. Kama paka yuko jirani, muinueni muweke kwenye tawi la karibu na muondoke. Wazazi hawatamkataa kwa sababu ameguswa na mtu.

Popo hashikwi, hata akiwa ameanguka na kuonekana mgonjwa, kwa kuwa anaweza kubeba maradhi, yakiwemo ya kichaa cha mbwa. Kima na tumbili wasipewe chakula: wakizoea hunyang'anya na kuuma, na mwisho wao huwa ni kuuawa. Msipige milio ya ndege kwa simu ili kuwavuta, maana ndege huacha kiota chake na kuhangaika na mpinzani asiyekuwepo. Mti nao usipigiwe misumari wala kukatwa matawi ili kupata mwonekano mzuri, kwa sababu kila jeraha ni mlango wa kuoza.

Hatua ya 7: Daftari

Daftari dogo na penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu. Ukurasa wa kwanza mtoto achore mti wake mzima, kuanzia mizizi hadi kilele, na kutia alama kila tundu, tawi kavu na kiota kitupu. Kila siku aandike tarehe, saa, hali ya hewa, na jambo moja aliloliona kiumbe akilifanya. Jambo moja linatosha. "Mjusi alipiga pushapu mara nne, mwenzake akaondoka" ni kumbukumbu bora kuliko orodha ya majina kumi.

Asiyejua kuandika achore, nawe uandike maneno yake pembeni kama alivyoyasema, bila kumsahihisha. Akisema ndege alikuwa na hasira, andika hivyo. Baadaye atajiuliza mwenyewe alijuaje.

Hatua ya 8: Akishuka

Akiwa na umri wa miaka 4 au 5, Jane Goodall alijificha ndani ya banda la kuku kwa saa kadhaa ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walimtafuta kwa hofu kubwa. Aliporudi na majani makavu kwenye nywele, mama yake hakumkaripia kwa kuwahangaisha. Aliketi akasikiliza hadithi nzima ya kuku anavyotaga. Namkumbuka mama huyo kila ninapomwona mtoto akishuka mtini.

Swali la "umeona nini?" hudai mnyama, na mtoto aliyekosa mnyama atajiona ameshindwa. Muulize "Ilikuwaje?" kisha subiri. Wengi huanza kwa kusema hakukuwa na kitu, na baada ya hatua chache za kutembea wanakumbuka buibui aliyekuwa anaula utando wake, au ndege aliyekuja akamtazama. Usimkatize ili kumpa elimu. Ukiwa unajua jibu la jambo alilolishangaa, mpe siku nyingine, baada ya yeye kurudi kutazama tena.

Kuendelea mwaka mzima

Kutakuwa na majuma ambayo hataki kwenda, na usimlazimishe. Mwonyeshe daftari la miezi iliyopita, basi. Mti unapotoa maua, unapozaa na unapopukutisha majani, wageni wake hubadilika, na mtoto aliyeandika tarehe ataanza kubashiri nani anakuja lini. Mara mojamoja nendeni usiku, mkae chini ya mti pamoja, na tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu, kwa kuwa mwanga huo huwasumbua wanyama kidogo kuliko mweupe. Macho ya komba hurudisha mwanga, kwa hiyo mtamtambua kwa mng'ao wake kabla ya kuona mwili.

Tawi kubwa likivunjika, msilipasue lote kuwa kuni. Liacheni palepale, pembeni kidogo na njia, kwa sababu mti uliolala huendelea kulisha mende, kuvu, mijusi na kigong'ota kwa miaka, na mtoto anaweza kuvitazama akiwa amekaa ardhini. Na baada ya kila dhoruba, hata kama mti unaonekana haujaguswa, rudia ukaguzi wote wa Hatua ya 1 kabla hajapanda tena.